Sahani za Damu ya Kondoo

Nilimwonea wivu yule mama kwa miaka kumi na moja. Naliweka hilo mbele ili nisije nikaonekana mtu mwema anayemkumbuka mwenzake kwa upendo mtupu. Upendo ulikuja, tena kwa kuchelewa. Kwanza ulikuwa wivu, ule wa kumfanya mtu aache chai yake ipoe kwa sababu mwenzake amesifiwa kwenye kikao cha asubuhi.

Hospitali nzima ilimwita Mama Maabara, nami nitamwita hivyo hivyo. Alianza kazi kwa kuosha vioo na kufua makoti. Waliomtangulia wakamfundisha pale pale, akapelekwa kozi fupi moja, basi. Mimi nilifika na stashahada yangu ndani ya bahasha, na siku ya kwanza tu akanibatiza: "Karibu, Diploma. Kiti chako kile, ila kina mguu mmoja mfupi." Hakuwahi kuniita jina jingine. Wagonjwa nao wakalidaka, na mpaka leo kuna watu sokoni Korogwe wanaodhani ndilo nililopewa na wazazi wangu. Mama yangu mzazi, aliye Mkata, hakulipenda hata kidogo. "Mwanangu ana jina," alikuwa akisema, "na jina lenyewe nilimchinjia mbuzi."

Kazi yetu nzito ilikuwa macho. Watu walikuja kutoka Handeni na vijiji vya Korogwe kutolewa mtoto wa jicho, na karibu wote walirudi makwao wanaona. Lakini mara moja moja, siku ya pili au ya tatu baada ya upasuaji, mtu alirudi ameshika upande mmoja wa uso. Jicho jekundu, linauma, limeingia ukungu. Hapo bakteria wameshaingia ndani, na saa zinahesabika. Daktari wa macho alichoma sindano nyembamba, akavuta matone mawili matatu ya maji yaliyo ndani ya jicho, akachukua na damu ya mkononi, akashuka navyo maabara. Sisi tulitakiwa kumwambia ni mdudu gani na dawa gani inamweza.

Akifika mlangoni alichungulia. Ananiona mimi, koti limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, nimekaa wima. Anauliza, "Mama yupo?"

Nikimwambia ametoka kidogo, anakaa kumsubiri.

Alikuwa na pua. Sijui niieleze vipi bila kuonekana natunga. Vijidudu tunaviotesha kwenye sahani ndogo za plastiki zenye uji mgumu uliochanganywa na damu, na asubuhi yake tunafunua kuangalia kimeota nini. Mimi nilifunua, nikapima, nikafungua kitabu. Yeye alifunua kidogo, akavuta pumzi, akafunika. "Huyu wa maji," alisema, na baada ya siku mbili majibu yangu yote ya vitabuni yalirudi pale pale, kwa yule mdudu wa kijani mwenye harufu tamu ya tunda lililoanza kuchacha. Kunusa sahani kumekatazwa, na aliyenikataza mimi ni yeye. Alikuwa mkali wa usafi hata ukipiga chafya alikutazama kama umemwibia. Ukila andazi ndani ya maabara, siku hiyo umelikosa, linakwenda kwa mlinzi. Lakini droo yake ya chini ilikuwa na karanga za kukaanga mwaka mzima, na asubuhi alizunguka meza akinusa sahani moja moja kama mtu anayechagua ndizi.

Nilijaribu na mimi kunusa, nikiwa peke yangu. Sikusikia kitu ila dawa ya kusafishia meza.

Kisha kulikuwa na kondoo. Mzee mmoja mfugaji, kutoka kwenye nyika za Handeni, alipona jicho lililokuwa karibu kufa, akaambiwa aliyemtambua mdudu wake ni mama fulani wa maabara kule chini. Baada ya mwezi alirudi na mwanawe, wanamsukuma kondoo jike mwenye ushanga shingoni. "Yeyo," alimwita, yaani mama kwa lugha yao, "huyu ni wako." Mtu mwingine angempeleka bucha. Mama Maabara alimfuga nyumbani kwake Kwamndolwa, akamwita Bi Harusi kwa sababu ya ule ushanga, na kila Jumatatu alimtoa damu kidogo kwenye mshipa wa shingo. Aliipokea ndani ya chupa yenye gololi za kioo, akaitikisa taratibu mpaka mgando wote ukajizonga kwenye gololi na damu ikabaki laini. Akamaliza, akampa Bi Harusi maganda ya ndizi na kumwomba radhi. Namwambia msomaji nilichokisikia kwa masikio yangu: alimwomba radhi kondoo.

Kabla ya hapo tulitumia damu ya binadamu iliyopitwa na wakati kwenye akiba ya hospitali. Kwa wadudu wengi inafaa. Wale stafilo wanaoishi kwenye ngozi ya kope, ambao ndio wageni wa kawaida wa jicho lililopasuliwa, wanaota popote. Lakini yupo mwingine, tunamwita strepto, ambaye ni mdekaji. Damu ya mtu ina kinga zake na mabaki ya dawa alizomeza mwenyewe, na strepto akiwekwa humo anaweza kugoma kabisa. Kwenye damu ya kondoo anaota, tena anaila damu inayomzunguka mpaka panabaki duara linaloangaza. Hakuna anayeweza kumfananisha na mwingine.

Siku moja aliniachia nitengeneze sahani mwenyewe. Uji ule unachemshwa kwanza, kisha unaachwa upoe mpaka chupa ivumilike shavuni, ndipo unatia damu. Mimi sikuweka chupa shavuni, mimi nilikuwa na kipimajoto. Kipimajoto kilikuwa kibovu. Damu ya Bi Harusi iliingia kwenye uji wa moto, ikaiva, sahani arobaini zikawa rangi ya kahawia. Aliingia, akazitazama, akatoka mpaka koridoni ambako wauguzi walikuwa wanabadilishana zamu. "Jamani, njooni na vikombe. Diploma katupikia kisusio."

Walicheka wiki mbili hiyo supu yangu ya damu. Nami nilicheka, meno tu.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni lile kopo. Mzee mmoja wa jirani na kwake alipasuliwa, siku ya tatu jicho likawa la kijani. Kwenye kikao mimi nilisimama nikasema tuchunguze maji ya chumba cha upasuaji, nikaeleza kwa ufasaha, hata mganga mkuu akaandika. Jioni Mama Maabara alipita nyumbani kwa yule mzee, akakaribishwa chakula. "Sikuja kula," akasema, "nimekuja kuazima kopo lenu la udhu." Walimpa. Kesho yake mdudu yule yule wa kijani akaota kutoka kwenye jicho na kutoka kwenye kopo. Mzee alikuwa ameamka alfajiri, akafungua bandeji aliyoambiwa asiifungue, akatawadha uso vizuri kabisa kwa maji yaliyolala siku tatu, akaifunga tena.

Basi yule mama, mwanakwaya wa kanisani, alimfuata imamu wa msikiti wetu wakakaa barazani. Ijumaa iliyofuata ikatangazwa kwamba mwenye jicho bichi asilitie maji, atayamamu kwa vumbi safi badala ya maji mpaka daktari amruhusu, na kwamba aliyeligundua jambo hili ni mama wa maabara, Mungu amlipe. Nilikuwa safu ya pili. Mimi ninayetawadha mara tano kwa siku sikulifikiria kopo, akalifikiria Msambaa wa kwaya. Nilitoka msikitini nikavaa kiatu cha mtu.

Sasa niseme na udhaifu wake, maana alikuwa nao na ulinifariji sana. Hakuweza kutazama sindano ikiingia kwenye jicho la mtu. Usaha, damu, makohozi, vyote alivishika kama unga. Lakini siku daktari alipomwita aje kuona maji yanavyotolewa, alianguka chini kama gunia, na muuguzi akampepea kwa faili. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, tena alikuwa anauonea aibu, kwa hiyo majibu mengi alinisomea niandike mimi. Na alikuwa mnunaji. Akinuna hakugombana nawe wala hakukusema. Alikusalimia tu kila asubuhi kwa adabu zote, "Habari za nyumbani?", halafu usipate neno jingine hadi saa ya kutoka. Mimi nikinuna ni vivyo hivyo. Maabara ikawa na watu wawili wa aina hiyo.

Damu aliidharau, yaani damu kama ushahidi. Hapo ndipo tuligongana. Daktari alitaka kujua kama jicho limeambukizwa au limevimba tu kwa sababu ya kisu, na mimi niliamini damu ya mkononi ingetujibu: chembe nyeupe zimepanda kiasi gani, zipi kati yake zimezidi, na ile protini ya uvimbe tunayoiita CRP ikoje. Mama Maabara alitikisa kichwa. "Jicho ni chumba kidogo, Diploma, kimejifungia mlango. Mtu anaweza kuungua humo na nyumba nzima haijasikia moshi. Damu ikipanda, sawa, imekusaidia. Isipopanda haijakwambia kitu. Niulize jicho, usiniulize mkono."

Kisha mashine mpya ya kupima ile CRP ikaletwa, nikakabidhiwa mimi. Karatasi ilisomwa kikaoni, jina langu, cheo changu. Niliinuka, na ulevi wa furaha ukanishika ulimi. Nikasema mambo ya kufuga kondoo mjini yamepitwa na wakati, hospitali ya kisasa haiwezi kutegemea zizi la mtu. Watu walitazama chini. Mama Maabara alikuwa amekaa karibu na dirisha, anavunja karanga.

Tulinuniana wiki tatu. Kwenye wiki ya tatu akachukua likizo. Alizitumia sahani zake zote za kondoo kabla ya kuondoka, na kwenye friji akabandika karatasi kwa mwandiko wake ule uliolala upande: "Maji ya jicho yakija nipigieni simu. Nitaleta sahani." Akaweka na namba, ingawa kila mtu alikuwa nayo.

Mama yangu alipasuliwa jicho la kulia Jumatatu ya wiki hiyo. Nilimpeleka mwenyewe, nikamweleza habari ya udhu, akanisikiliza, akafuata. Jumanne bandeji ikafunguliwa akaniona, akaniambia nimekonda. Alhamisi asubuhi nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje la kliniki, kiganja usoni. "Linachemka," alisema. "Baba, jicho linachemka."

Daktari alitoa maji, matone mawili tu, na damu. Akaniletea mimi. Hakuuliza Mama yupo, alijua yuko likizo.

Nilisimama mbele ya friji. Karatasi ilikuwa usawa wa macho yangu. Kutoka pale hadi Kwamndolwa si safari, angekuwa amefika kabla uji haujapoa. Nilichotakiwa kufanya ni kupiga simu na kusema, Mama, nahitaji sahani za kondoo wako. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisoma ile karatasi mpaka leo. Sikupiga. Nilifungua friji nikatoa sahani zangu, za damu ya akiba, nikaweka tone moja. La pili nikalipaka kwenye kioo, nikatia rangi, nikaangalia kwa hadubini dakika tatu. Nikaona chembe za usaha, bakteria sikuona. Yeye angekaa kwenye kioo kile nusu saa.

Damu ya mkono nikaitia kwenye mashine yangu. Chembe nyeupe za kawaida. CRP imepanda kidogo, kama inavyopanda kwa yeyote aliyetoka kukatwa. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba damu haioneshi maambukizi. Ijumaa asubuhi sahani zilikuwa tupu, nikaandika hakuna kilichoota. Daktari alisoma karatasi zote mbili, akashusha pumzi. "Basi ni uvimbe wa kisu," alisema, akaendelea na matone ya kutuliza uvimbe. Aliniamini, na hilo ndilo nililokuwa nimelililia miaka yote.

Ijumaa yote mama alilala ameelekea ukuta.

Jumamosi asubuhi Mama Maabara aliingia na kikapu. Hakuwa zamu, hakuwa na koti. Alitazama sahani zangu dhidi ya mwanga, akaziweka chini, akapanda juu kwa daktari. Sikusikia walichozungumza. Maji yakatolewa mara ya pili, yeye amesimama koridoni amegeukia ukuta. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu, kisha akasogea kidogo ili nami nione. Vidoti vidogo vimeshikana minyororo minyororo. "Strepto," nilisema. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumwambia daktari, na mama akachomwa dawa ndani ya jicho saa hiyo hiyo. Jumapili sahani ya Bi Harusi ilikuwa na maduara yanayoangaza.

Jicho halikutolewa. Lakini halikurudi. Mpaka leo linaona mwanga wa mlango na mkono ukipunga, basi. Daktari alisema kama tungelishika Alhamisi, labda. Alilisema neno labda kwa upole sana.

Nilingoja Mama Maabara anifichue. Alichofanya ni kukaa kitandani kwa mama yangu, amemshika mkono, na kumwambia nikiwa nasikia: "Huyu mwanao ndiye aliyeshuku wa kwanza. Mimi nimekuja kumalizia tu." Mama alilibeba neno hilo mpaka Mkata. Akawaeleza wauza mihogo wa barabarani, akawaeleza makondakta, akawaeleza watu wa msiba, kwamba mwanawe wa maabara ndiye aliyeokoa jicho lisitolewe. Kila nikishuka kwenye basi napewa pole na hongera kwa pamoja. Sikuweza kukana. Na sikuwahi kumchukia Mama Maabara kama nilivyomchukia kwa wema ule. Nilisema moyoni, hata kosa langu kalichukua, kalifua, kanirudishia safi ili anizidi na hapo.

Alistaafu baada ya miaka michache, akahamia kwa binti yake Kilole. Kabla ya kuhama alifika kwangu na mjukuu wa Bi Harusi, kamba mkononi. "Diploma, huyu wako. Jumatatu usimsahau." Nilimpokea. Nikajifunza kupata mshipa, kutikisa gololi, kuweka chupa shavuni. Siombi radhi kwa sauti, lakini huwa nampa maganda kwanza.

Mwaka huu nilimwona kwenye foleni ya macho. Mtoto wa jicho pande zote mbili, ameahirisha hadi akaanza kujigonga kwenye milango. "Nilikuwa naiogopa ile sindano," aliniambia. Akapasuliwa jicho la kushoto. Siku ya tatu akarudi, amekaa kwenye benchi lile lile la nje, kiganja usoni.

Safari hii matone yalikuwa matatu. Nilikaa na kioo nusu saa nzima, nikakizungusha, nikakaa nusu nyingine. Nikaweka maji kwenye sahani za kondoo. Daktari hakungoja, alimchoma dawa kwanza. Damu yake ilikuwa tulivu, nikaandika kwamba ni tulivu na kwamba hiyo peke yake haituambii kitu. Siku ya kwanza hakikuota chochote, ya pili hakikuota, ya tatu hivyo hivyo, na jicho likaanza kung'aa lenyewe. Lilikuwa limevimba kwa kisu tu.

Nilivunja sheria, nikapanda wodini na sahani moja tupu mkononi. Alikuwa amekaa, jicho moja limefunikwa. Akaipokea, akafunua kidogo, akavuta pumzi.

"Harufu ya kondoo tu."

"Kondoo tu, Mama."

Akanirudishia. "Diploma. Siku ile ya mama yako, karatasi yangu ilikuwepo kwenye friji?"

"Ilikuwepo."

"Na simu yako ilikuwa na salio?"

"Ilikuwa nalo."

Nilikuwa nimeingoja ukumbini mwa moyo wangu miaka yote hukumu hiyo, nikainamisha kichwa niipokee. Akasema, "Muuguzi alinipigia Alhamisi ile ile, kabla ya adhuhuri. Akasema mama wa Diploma amerudi, jicho limechafuka. Nikamtoa damu Bi Harusi. Nikamimina sahani sita. Alasiri zilikuwa tayari mezani."

"Alhamisi?"

"Alhamisi. Kisha nikakaa. Nikaweka simu mapajani, nikasema, anipigie mwenyewe. Aseme kwa kinywa chake kwamba anazitaka. Nikakaa na Ijumaa yote, hata kupika sikupika. Jumamosi ndipo nilipojiona ni mwendawazimu." Alijifuta jicho lililo wazi kwa ncha ya khanga. "Ile mashine walikupa wewe. Miaka yote ile nimeisugua ile sakafu, nikawafundisha watu na vyeti vyao, hata kuulizwa sikuulizwa. Nilikuonea wivu, Diploma. Mtu mzima mimi."

Nilikasirika. Nilitaka kupiga ile sahani ukutani. Halafu hasira ikakosa pa kukaa, maana kila nilipotaka kumshtaki nilijikuta nimesimama kando yake. Siku mbili tulikuwa tumekaa, yeye Kwamndolwa na mimi mbele ya friji, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze, na mama yangu amelala ameelekea ukuta katikati yetu. Ule wema wake nilioumeza kama shubiri haukuwa wema. Alikuwa anafunika lake.

"Mama yako anajua?" aliniuliza.

"Anajua nililiokoa."

"Nikipona tutakwenda Mkata."

Tulikwenda baada ya wiki sita. Tulimkuta mama uani, ungo mapajani, anachambua maharage kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, kwa sababu jicho la kushoto nalo limeanza kuingia mtoto na habari ya kupasuliwa hataki kuisikia. Alifurahi, akataka kuchinja kuku. Mama Maabara akamwambia akae kwanza. Akasema lake, nami nikasema langu, la friji na la karatasi, na hatukupunguza kitu.

Mama alitusikiliza akigeuza kichwa kizima, kwake, kisha kwangu, jinsi alivyozoea kufanya tangu jicho lile life.

"Kwa hiyo mlikuwa mmenuniana," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi niko wodini, jicho linachemka. Ninyi mmenuniana."

Akapapasa maharage kidogo, akatoa moja, akalirudisha. Kisha akamgeukia Mama Maabara.

"Hilo lako linaona?"

"Linaona, dada."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Mama akauinua ungo mapajani mwake, akamwekea yeye. "Basi chambua. Mawe mimi siyaoni." Halafu bila kunitazama akasema jina ambalo hakuwahi kuniita maishani mwake. "Na wewe, Diploma, kaa hapo umsaidie."

Nikavuta kigoda, nikakaa. Tulichambua mpaka maharage yakaisha.